Safu ya Ila

Mliobaki katika chumba chetu cha juu pale Mabawa mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi, na mmeniomba niiandike kwa ufupi. Ombi la pili sitalitimiza. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, akili ningali nazo, na sioni sababu ya kuwahurumia watu wanaosoma ujumbe wa mistari minne wakauita mrefu. Habari za vyeo nitaziruka. Zimo katika jalada langu, na atakayezisoma atasinzia. Nitaandika juu ya rula, juu ya mtu aliyenifundisha kuishika, na juu ya grafu moja niliyoichora mwenyewe, ikasifiwa na watu wa nchi nyingi, nayo ilikuwa ya uongo.

Nilianza nikiwa karani wa takwimu katika hospitali moja hapa Tanga, wakati ambapo ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na haikuguswa na mtu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya, kosa ambalo sikulirudia. Mkuu wangu alikuwa Bwana Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi mahali ambapo skrubu ilipotea. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa, akanisukumia karatasi ya miraba, rula ya chuma na kalamu ya risasi, akaniagiza nichore grafu ya wagonjwa wa nje kwa miezi miwili. Nikachora. Akaitazama kidogo, akaichana.

"Sifuri iko wapi?"

Nikamweleza kwamba idadi zote mbili zilikuwa kubwa, hivyo nimeanzia karibu na pale zinapoanzia, ili nisipoteze karatasi.

"Karatasi ni ya serikali, itakuja nyingine," akasema. "Ukweli si wa serikali. Anzia sifuri."

Wiki nzima nilichora mihimili tu, ile mistari miwili inayobeba grafu. Mwishoni mwa wiki hiyo alinieleza sababu, kwa sauti ya mtu anayefundisha jambo lililokwisha kumchosha. Chukulia watu wawili, alisema, wamesimama nyuma ya ukuta, na mmoja amempita mwenzake kwa vidole viwili. Ukuta ukiwafika kiunoni, utasema ni watu wa kimo kimoja. Ukuta ukiwafika machoni, utasema mmoja ana paji la uso na mwingine hana. Watu ni wale wale. Kilichopanda ni ukuta. Mchoraji anayeanzisha mhimili wake juu ya sifuri amejenga ukuta, kisha anawaalika watu waje kushangaa paji la uso.

Alikuwa na swali jingine, ambalo nililisikia mara nyingi kuliko jina langu. Kila nilipompelekea jedwali, alikuwa akiweka kidole juu ya nambari moja, yoyote, na kuniuliza: "Hii ina kwao. Umefika kwao?" Maana yake ilikuwa kwamba nambari hiyo ilizaliwa mahali fulani, wodini au kwenye zahanati, ikaandikwa na mtu fulani mwenye uchovu wake, na karani asiyepajua mahali hapo hana ruhusa ya kuichora. Mara kadhaa nilidanganya kwamba nimefika. Alijua. Alikuwa akinirudishia jedwali na kuniuliza mlango wa mahali hapo umepakwa rangi gani.

Nilimwona siku moja akiletewa ombi na mkubwa mmoja ambaye jina lake nimelisahau kwa makusudi. Wageni walikuwa wanakuja, na ilitakiwa grafu ya homa ionekane inashuka. Bwana Mhina alimsikiliza kwa adabu, akaichora grafu ile kuanzia sifuri, ikatoka tambarare kama meza, akampelekea na barua ya kumtakia wageni wema. Sijui wageni walisema nini. Najua kwamba mwaka uliofuata tuliendelea kukaa katika chumba kile kile kisicho na feni.

Bwana Mhina alifariki miaka michache kabla sijaiacha hospitali. Rula yake ninayo.

Niliacha hospitali nikavutwa na Kidaftari. Kwa wageni watakaoshika maandishi haya baada yenu, nieleze kidogo. Kidaftari ni programu ya kutunza rejesta za chanjo za watoto, nayo ni programu huria: maandishi yake ya ndani yako wazi, yeyote aweza kuyasoma, kuyasahihisha na kumpa mwenzake bila kumwomba mtu ruhusa. Hutengenezwa na wajitoleaji wa nchi mbalimbali wanaojadiliana katika jukwaa la wazi mtandaoni, ambako kila neno hubaki na jina la aliyelisema. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Nimefanya kazi katika ofisi ambazo makosa hufungiwa kabatini na ufunguo ukapotea.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyombo, na kazi zetu zilikuwa mbili: kuifanya programu iseme Kiswahili, na kuwafikishia watengenezaji yale ambayo watumiaji wa pwani yetu wanayaona. Tulibishana wiki tatu kama yale tuyaite "mrejesho" au "maoni". Saumu, fundi wetu wa programu, mzaliwa wa Makorora, mwepesi wa mikono na wa ulimi, alisema "mrejesho" lamkumbusha sufuria inayovuja ikirudishwa dukani chini yetu. Maoni yakashinda. Nayataja haya ili mjue kwamba nilikuwa mtu mwangalifu wa maneno, kwa sababu kosa langu kubwa lilitokana na uangalifu huo huo.

Toleo la zamani la Kidaftari lilikuwa linahifadhi kila kitu ndani ya simu ya zahanati, likasubiri mtandao upatikane ndipo lipeleke habari mbele. Toleo jipya lilipendeza macho, lakini halikufanya lolote bila mtandao. Kuyatunza yote mawili kulikuwa mzigo kwa wajitoleaji. Msimamizi mkuu, kijana wa nchi ya mbali aitwaye Tomas, akapendekeza jukwaani kwamba la zamani lizimwe. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Akataka kwanza watumiaji waulizwe, na pwani yetu, kutoka Pangani hadi mpakani pamoja na Pemba, ikawa juu yangu.

Dodoso lililotafsiriwa liliuliza watu wanaridhika kwa kiwango gani na matumizi ya toleo hili au lile. Nililifuta kwa kalamu nyekundu. Hakuna mtu wa Tanga anayeongea hivyo, nilisema. Mahali pake nikaweka Kiswahili cha watu: "Habari ya toleo la zamani?" na "Habari ya toleo jipya?" Chini yake vitufe vitatu: mbaya, wastani, nzuri. Nililipenda swali hilo kiasi cha kulisoma kwa sauti mbele ya ofisi.

Saumu ndiye aliyepiga simu zahanati kwa zahanati. Siku ya pili alikuja mezani kwangu akiwa na daftari mkononi.

"Bi Rehema, watu wakishasema nzuri hawanyamazi. Wanaendelea. Niandike wapi?"

Nilikuwa nasahihisha tafsiri. Nikamjibu bila kuinua kichwa, na katika hilo tu nilikuwa nimemwiga Bwana Mhina: "Andika walichojibu, Saumu. Usiandike walichoongeza."

Majibu yakaja. Nguzo mbili za "nzuri" zilikuwa karibu sawa, ile ya toleo jipya ikiwa imezidi kwa unyoya. Kompyuta ilipozichora ilijichagulia pa kuanzia, juu sana ya sifuri, hata toleo jipya likasimama kama mnara na la zamani likachuchumaa pembeni yake. Nililiona jambo hilo. Rula ya chuma ilikuwa juu ya meza ile ile. Nikajiambia kwamba ukurasa wa jukwaa ni mwembamba, na kwamba watu hawa si wageni wa grafu, wataisoma mihimili. Nikaipeleka na jina langu chini yake. Tomas aliisifu, wengine wakaisifu, na siku ya kulizima toleo la zamani ikapangwa kuwa mwisho wa mwezi. Tulichapa nakala tukazipeleka zahanati zilizojibu, kuwa shukrani.

Nakala moja ilifika katika zahanati kando ya barabara ya Horohoro, kwa muuguzi tuliyemwita Da Mwanakombo. Akanipigia simu.

"Mdogo wangu, nimeiona karatasi yenu. Inasema miye nimelipenda toleo jipya."

Nikamkumbusha kwa upole kwamba ndivyo alivyojibu mwenyewe.

"Binti kanipigia, kaniuliza habari, nikamjibu nzuri. Mtu akikuuliza habari, weye humjibu vipi? Nikaendelea, nikamwambia nzuri, ila. Ile ila yangu mmeipeleka wapi?"

Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Mimi, mwangalifu wa maneno, nilikuwa nimegeuza swali la utafiti kuwa salamu. Na salamu kwetu haijibiwi kwa ubaya. Mtu aliyefiwa jana hukujibu nzuri, kisha husema ila tuna msiba. Nimezaliwa humu na nimejibu hivyo maisha yangu yote. Nilikuwa nimewasalimu wauguzi wa pwani nzima, wakaniitikia kwa adabu, nami nikaichora adabu yao.

Kesho yake nilipanda gari la Horohoro. Mlango wa zahanati ni wa kijani, rangi imebanduka chini. Natamani Bwana Mhina angeniuliza. Akina mama walikuwa wamejaa benchi, na Da Mwanakombo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutuliza homa, alikuwa ameinua simu kuelekea dirishani. Kwenye kioo kiduara kilikuwa kinazunguka. Pale karibu na mpaka, aliniambia, simu hudaka mtandao wa ng'ambo, na Kidaftari kipya kikiona mtandao wa kigeni hakifunguki.

"Simu yangu imehamia Kenya," akasema. "Miye ningali hapa na wana wa watu."

Basi, kwa kuwa waliagizwa chanjo mpya ziingizwe katika toleo jipya tu, alikuwa anaziandika kwenye vipande vya maboksi ya dawa: jina la mtoto, jina la mama, kijiji, chanjo. Amevifunga kwa mpira, kijiji kwa kijiji. Nikiwa pale, mama mmoja aliitwa mbele akiwa na mwanawe, na ikaonekana zamu ya mtoto ya chanjo imefika. Kiduara kilizunguka, hakikusema kitu. Da Mwanakombo akafungua furushi la kijiji chake, akachambua, akakuta kipande: mtoto alikwisha kuchanjwa wiki mbili nyuma, na kadi yake ilikuwa imeloa maji, haisomeki. Mama akarudishwa benchi. Kisha Da Mwanakombo akatoa simu kuukuu yenye toleo la zamani, akabonyeza, ikafunguka pale pale bila mtandao wowote, ikaonyesha orodha ya watoto waliopitiliza tarehe zao, jina juu ya jina.

"Hawa mkiwazima mwisho wa mwezi," akaniuliza, "nikawatafute kwa kupiga mbiu barabarani?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema majibu tuliyachukua kama yalivyotoka, hatukubadili hata neno moja. Alikuwa anachana boksi jingine kutengeneza vipande vya siku hiyo, hakuacha.

"Hamkubadili, mmekata. Hata shahada, mdogo wangu, hapana Mola ila Mungu, ukiikata kabla ya ila umekufuru. Na maneno yote uliyoyasema ni ya shahada."

Nimesoma vitabu vingi vya takwimu na maadili yake, vingine vinene. Sijakuta mahali ambapo jambo hilo limesemwa vizuri zaidi.

Niliporudi Mabawa nilimwendea Saumu. Kabla sijamaliza salamu alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la mistari lenye jalada la bluu. Ndani yake, zahanati kwa zahanati, kwa mwandiko wake wa kulala, yalikuwamo yote ambayo nilimkataza kuyaandika. Nzuri, ila mtandao. Nzuri, ila huku kisiwani umeme ukikatika na mnara unazima. Nzuri sana, ila natumia lile la zamani.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nilikuambia," akasema.

Alilisema bila ukali, na kwa sababu hiyo lilikata zaidi. Nimewakemea wengi wenu katika chumba kile kwa makosa madogo kuliko hilo. Siku hiyo nilivuta kiti nikakaa upande wake wa meza, tukalisoma daftari lote.

Kisha nikaandika jukwaani. Sikuandika kwamba kumetokea hitilafu, maana hitilafu haina jina la mtu. Niliandika kwamba mimi, Rehema, niliuliza swali lisilokubali jibu baya, nikamkataza mwenzangu kuandika jibu la kweli, kisha nikachora grafu iliyokatwa miguu. Kwamba grafu hiyo isitumiwe. Na kwamba toleo la zamani lisizimwe. Waliokuwa wamejipanga kuanza kazi mpya walikasirika, nao walikuwa na haki. Mmoja aliuliza hadharani kama kuna lolote lililotoka Tanga linaloweza kuaminika. Swali hilo lingalipo, pamoja na jina lake na langu.

Tomas akaitisha kikao cha mtandaoni. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitia aibu kuliko hasira ya wengine.

"Nimekagua jedwali lako," akasema. "Kila nambari ni sahihi. Unawezaje kuiita grafu ya uongo?"

"Kila nambari ni sahihi," nikamjibu, "na picha ni ya uongo. Yote mawili ni kazi yangu."

Nikamweleza juu ya neno letu. Ila kwa Kiswahili ni maneno mawili yenye sura moja: la kwanza maana yake ni isipokuwa, la pili maana yake ni kasoro. Mtu wa pwani akitaka kukuonyesha kasoro hakurushii usoni. Hukupa kwanza uzuri, halafu hufungua mlango mdogo wa neno hilo, na kasoro hupita hapo. Asiyesubiri mlango ufunguke hurudi kwao na uzuri mtupu.

"Kwa hiyo mtu akisema ila," Tomas akauliza, "ndipo anapoanza kujibu?"

"Ndipo anapoanza."

Akasogeza siku ya kuzima toleo, akatupa nafasi ya kuuliza upya. Saumu alidhani nitalibadili swali. Sikulibadili, kwa kuwa huwezi kumpigia mtu simu ukaacha kumsalimu. Tuliongeza safu moja upande wa kulia, tukaiita Ila. Tukakubaliana na utaratibu ambao ningependa msiuache: mtu akishasema nzuri, mpigaji anyamaze, avute pumzi tatu, kalamu ikiwa mkononi. Saumu alisema pumzi ya kwanza ni ndefu, ya pili ni ya aibu, na kabla ya ya tatu mtu ameshaanza kusema. Baadhi ya simu nilizipiga mwenyewe. Zahanati za jirani hatukuzipigia; tulikwenda.

Grafu mpya niliichora kwanza kwa mkono, kwa rula ya Bwana Mhina, kutoka sifuri. Nguzo mbili za nzuri zikatoka sawa kama ndugu mapacha, hazimwambii mtu lolote, na ndivyo ilivyopasa. Chini yake nikapanga ila zote kama zilivyosemwa, kwa maneno yao, na ile ya mtandao ilijaza ukurasa hadi ikanibidi kugeuza. Ya Da Mwanakombo niliiweka ya kwanza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Toleo la zamani halikuzimwa. Wajitoleaji walilichukua toleo jipya wakalifundisha kufanya kazi bila mtandao, Saumu akiandika sehemu kubwa ya kazi hiyo, na siku lilipokamilika tulilipeleka kwanza katika mlango ule wa kijani. Lilifunguka simu ikiwa ingali imehamia Kenya. Da Mwanakombo aliingiza vipande vya boksi kimoja kimoja hadi furushi la mwisho, kisha akaupachika mpira wake mkononi kama bangili.

Leo safu ya Ila imo katika madodoso ya Kidaftari ya lugha nyingine pia. Wameiacha kwa jina letu, maana hawakupata kwao neno moja lenye maana zote mbili. Hilo ni fahari yangu, na sitaki kujifanya mnyenyekevu. Grafu ya zamani nayo ingali jukwaani. Watu wameniuliza kwa nini nisiombe ifutwe. Sababu ni kwamba wajitoleaji wapya huletwa hapo kuonyeshwa. Wanaiona grafu, halafu wanaona maneno yangu chini yake. Nimeandika mengi katika miaka yangu ya kazi, na hakuna ukurasa uliofanya kazi nyingi kuliko huo.

Siku ya kuniaga, mtakumbuka, Saumu aliwagawia watu dodoso lenye swali moja: "Habari ya Bi Rehema?" Wote mlijibu nzuri. Karibu wote mliiacha safu ya Ila tupu, nami nikawatazama mmoja mmoja nikijua kwamba sikuwafundisha kitu. Saumu peke yake aliandika: "Ila husikia mara ya pili." Jibu la Da Mwanakombo lilikuja kwa simu, likaandikwa na Saumu kama lilivyosemwa, na karatasi hiyo nimeitundika nyumbani juu ya meza, karibu na rula ya chuma. Limeandikwa: "Nzuri. Ila alichelewa kuja."

Ni kweli, na Bwana Mhina angesema hivyo hivyo. Basi mkiulizwa na watakaokuja habari ya kazi yangu, wajibuni nzuri, kwa sababu ilikuwa nzuri. Ila msiishie hapo.